Simu yangu nyembamba ya chuma ilipigwa teke na ng'ombe Mtinko, ikapinda, ikaendelea kuwaka. Kilichofuata ndicho kilichonitisha

Wakuu, nawasalimu kutoka Singida. Leo upepo unavuma vibaya, vumbi limejaa mpaka kwenye meno, nimeamua kufunga duka mapema niandike hiki kitu kabla sijakisahau.

Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa. Pale ambapo sina uhakika nitasema sina uhakika. Na jina la simu sitalitaja, msinifuate PM kuuliza. Sitaki vita vya mashabiki, nataka tujadili kitu chenyewe.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni mtu wa mifugo. Nina duka dogo la dawa Mwankoko, na siku nyingi niko kwenye pikipiki kwenda Mtinko na vijiji vya kule. Nachanja, naogesha, nazalisha ng'ombe waliokwama. Watu wananiita dokta. Sio daktari, nina cheti tu, lakini ukikataa kuitwa dokta kijijini wanadhani unaringa.

Sasa simu.

Kaka yangu wa Dar alinunua nyingine, hii akanipa mimi. Wakuu, ilikuwa nyembamba! Mgongo wote chuma. Mfukoni ilikuwa haisikiki, nikawa kila nikisimamisha pikipiki najipapasa paja kuhakikisha ipo.

Chuma chake kilikuwa na tabia zake. Mwezi wa sita, na baridi ya Singida mnaijua, ukipokea simu asubuhi sikio linaganda. Mwezi wa kumi ukiisahau juu ya tenki la pikipiki, huishiki kwa joto.

Kava nililitoa mwenyewe. Lilikuwa linaifanya ichemke, halafu vumbi linaingia katikati linakwangua mgongo. Nikaona afadhali iwe wazi.

Kilichokuwa kinanisumbua kichwani ni swali moja tu: hiki kitu ni imara kweli au ni urembo?

Maana ilishadondoka mara kibao. Siku moja iliniponyoka ikatua juu ya jiwe, na Singida mawe hatuna shida nayo. Nikasema basi, kwaheri. Kuiokota, imechubuka kona tu. Kioo kizima.

Kijiweni nikawa naigonga mezani kama rungu. "Hii ni chuma, jamani, sio hayo maplastiki yenu."

Basi.

Siku ya tukio nilipigiwa na Athumani. Huyu ni jamaa mtu mzima, ana mke na watoto, anaishi Mtinko jirani na mama yake. Mama yake anaitwa Mama Ntandu. Akaniambia mtamba wa mama anahangaika tangu alfajiri, anasukuma lakini hakitoki kitu.

Kwa wasiojua, mtamba ni ng'ombe jike ambaye hajawahi kuzaa. Uzao wa kwanza ndio wenye mambo.

Nilifika jua limeshapanda. Mama Ntandu alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi, kanga ameikaza kiunoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pita umwone. Nimebaki na huyu tu, wenzake wote kiangazi kimewamaliza."

Nikavaa overoli juu ya jinzi, nikaosha mikono. Simu ikabaki kwenye mfuko wa mbele wa jinzi, paja la kulia. Sikuifikiria kabisa.

Nilikuwa naifunga kamba kwenye miguu ya nyuma ya mtamba ili Athumani amshike vizuri.

Hapa kuna kitu lazima niwaeleze. Punda anarusha teke nyuma. Ng'ombe hafanyi hivyo. Yeye mguu unakuja mbele kwanza, halafu unafagia pembeni. Ukisimama ubavuni ukidhani uko salama, hapo ndipo penyewe.

Teke lilipokuja, nilisikia sauti kabla ya maumivu. Kama mtu amekanyaga kopo tupu.

Nikajikuta nimekaa kwenye mavi. Paja halina hisia. Mama Ntandu hakunikimbilia mimi, alimkimbilia ng'ombe, akaanza kumsemesha Kinyaturu polepole kama anambembeleza mtoto. Na alifanya sawa, maana yule mnyama alitulia.

Mguu ulikubali kukanyaga. Nikajisemea, mfupa upo, mengine baadaye.

Nikaingiza mkono. Miguu miwili ya mbele ya ndama naipata. Kichwa sikipati. Kupapasa zaidi, shingo imegeuka, kichwa kimelala nyuma kwenye mbavu zake mwenyewe.

Wakuu, miguu iliyokunjwa nimeshanyoosha mingi. Kichwa kilichogeuka hivyo nilishaona tu, anafanya mtu mwingine. Na aliyekuwa anafanya ni mzee wangu aliyenifundisha kazi, daktari wa kweli, sasa kastaafu yuko mjini.

"Athumani, nitolee simu mfukoni, mkono wangu umechafuka."

Akafungua overoli, akaingiza mkono. Akaitoa, akaigeuza.

"Dokta, hii simu imekuwa kama bakuli."

Na kweli. Ilikuwa imepinda, upande wa kioo umekuwa tumbo la bakuli. Ufa mmoja unakatiza kioo. Lakini inawaka! Saa inaonekana, mtandao unaonekana.

Shida ikawa mguso. Nusu ya juu ya kioo haisikii kidole. Nusu ya chini inasikia. Athumani akahangaika pale, akapata sehemu ya kupiga namba, namba ya mzee bahati nzuri naijua kwa kichwa. Nikamtajia, akabonyeza, tukasubiri.

Ikaita.

Mpaka leo nikikumbuka ile sauti ya kuita nasisimka. Kama simu ingekufa pale, Athumani alikuwa na kitochi chake, simu ndogo ya vibonye, lakini chaji imeisha, na jirani mwenye simu hayuko karibu.

Mzee akapokea. Spika inakoroma kama redio mbovu lakini maneno yanasikika. Nikamweleza kwa kifupi.

"Umeanza kuvuta?"

"Bado, mzee."

"Usivute! Ukivuta umemuua. Sukuma ndama arudi ndani upate nafasi. Mama yake akisukuma, wewe tulia. Akipumzika, wewe sukuma."

Nikafanya. Mkono unabanwa mpaka vidole vinakufa ganzi. Jasho linaingia machoni. Mzee yuko kwenye lile bakuli, Athumani amelishika karibu na sikio langu.

"Tafuta taya. Ingiza vidole kona ya mdomo, kisha leta kichwa taratibu."

Nikapata mdomo. Nikaingiza vidole.

Ulimi ukasogea.

Jamani, mimi ni mwanaume mzima lakini pale macho yalijaa maji. Nikapiga kelele, "Mzee, yuko hai!" Akanijibu kwa ukali, "Basi acha kelele, mlete!"

Tulimleta. Jike. Alitoka amelegea, nikamchokonoa pua kwa jani la nyasi, Athumani anamsugua mbavu, akapiga chafya. Mama Ntandu akakaa chini palepale, miguu ameinyoosha, anacheka peke yake.

Hapo ndipo paja likakumbuka kuuma.

Nilipitia zahanati. Mfupa hauna shida. Lakini kwenye paja kulikuwa na alama ya damu iliyovilia, mstari mrefu ulionyooka, ukingo wa simu kabisa.

Athumani alikuwa anasema simu imeniokoa, ingekuwa mfupa. Nikamuuliza nesi. Akaiangalia simu, akaliangalia paja.

"Labda imekuokoa. Labda huo ukingo ndio umekuumiza zaidi. Simu hatukufundishwa."

Jibu hilo lilinikaa kichwani kuliko dawa alizonipa.

Sasa wakuu, ile simu ikawa maarufu. Nilikwenda nayo kijiweni, kila mtu anataka kuishika. Imepigwa teke na ng'ombe, imepinda, inapiga simu, inapokea, inacheza video. Mimi natembea kifua mbele. Swali langu nikaona limejibiwa: chuma ni imara.

Shemeji yangu Elia, kaka wa mke wangu, ni fundi wa kuchomelea mageti. Yeye ndiye aliyenivuruga jibu langu.

Aliishika akaigeuza. "Shemeji, hii haijashinda. Hii imeshindwa ila haijafa."

Nikamwambia anifafanulie. Akachukua kipande cha flat bar nyembamba, chuma bapa cha mageti, akakilaza juu ya matofali mawili, akakikanyaga katikati. Kikapinda, kikabaki hivyohivyo. Akachukua kipande cha bomba la maji la plastiki, akakanyaga. Likabonyea, akaondoa mguu, likarudi.

Akachukua flat bar nyingine yenye tundu la skrubu ubavuni. Akakanyaga. Ikapinda palepale kwenye tundu.

Tukaangaliana. Nikaigeuza simu yangu kwenye mwanga. Mpindo unaanzia wapi? Kwenye vitufe vya sauti. Pale ambapo ubavu umetobolewa ili vitufe vikae.

Mimi nilifurahi kama nimegundua madini. Kumbe kuna sababu! Uimara wa kudondoka ni jambo moja, uimara wa kupinda ni jambo lingine kabisa. Na simu ikiwa nyembamba, huo wa pili ndio unaoumia.

Tungeishia hapo ingekuwa vizuri.

Lakini Elia akasema, "Tuinyooshe." Nami nilitaka kuona kama inanyooka. Ukweli ni huo, ilikuwa hamu ya kujua tu.

Akachukua vipande viwili vya mbao, akavizungushia matambara, akaiweka simu katikati, akaibana kwenye vaisi yake ya kubania vyuma. Anakaza kidogo, anatoa, tunaangalia. Anakaza tena.

Ikafika mahali tukasikia tik.

Kadogo tu. Elia akaacha. Kuitoa, imenyooka karibu yote, na mguso wa nusu ya juu umerudi! Tulipeana mikono pale kama tumefanya upasuaji wa moyo.

Siku zikapita. Simu inafanya kazi. Betri ikawa inaisha haraka na mgongo unapata joto, nikasema ndio uzee.

Asubuhi moja mke wangu anatandika kitanda, mimi nanyoa ndevu. Akaniita kwa sauti ambayo ukiwa umeoa unaijua.

"Baba Neema, nani anapaka rangi ya kucha?"

"Rangi gani?"

"Usiniulize gani. Shuka linanuka. Mto unanuka. Na mimi kucha zangu hizi hapa, za kupalilia alizeti."

Nikaenda. Na kweli kulikuwa na harufu, tamutamu, kali, kama ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Wakuu, nilijua sina kosa lakini harufu ipo. Utaeleza nini?

Akanusa shati langu. Hakuna. Akanusa mikono yangu. Hakuna. Akainua mto, simu iko chini ya mto kama kawaida, kwenye chaji. Akaileta puani. Akakunja uso. Akainusa tena, halafu akaniwekea mimi puani.

"Ni hii," akasema.

Ndiyo yenyewe. Pembeni, karibu na vitufe, mgongo ulikuwa umeanza kuachana na kioo, mwanya mwembamba ambao ukucha unaingia.

Mke wangu hakuwa na hasira tena, alikuwa na woga. Binti yetu Neema ana miaka minne. Analala katikati yetu, kichwa chake upande wangu.

Nikaizima, nikaitia kwenye kopo la maziwa la bati, nikalifunga nyuma ya pikipiki, moja kwa moja mjini.

Karibu na soko kuna fundi simu anaitwa Zuhura. Ni mdada mpole, kazi zake safi. Nilipofungua lile kopo hata sijamaliza salamu, alisogeza uso nyuma.

"Umeilalia hii?"

"Nimeilalia."

"Ikiwa kwenye chaji?"

"Ndiyo."

Hakunilaumu. Aliwaomba wateja wawili waliokaa kwenye benchi wasogee, akatoa kimeza chake nje ya kibanda, akavuta na ndoo ya mchanga. Nilidhani ule mchanga ni wa kuzimia sigara za watu.

Akafungua taratibu kwa kitu cha plastiki. Mgongo ukatoka.

Wakuu, betri ya simu nyembamba ni nyembamba vilevile, kama kipakiti cha majani ya chai kilichobanwa. Ile yangu ilikuwa na mkunjo katikati, kama karatasi uliyoikunja ukaikunjua. Na pembeni ya mkunjo imeumuka kama andazi.

Akaibandua, akaiweka ndani ya ndoo, juu ya mchanga. Akaniuliza ilikuwaje. Nikamweleza ng'ombe, nikamweleza vaisi.

"Mliinyoosha betri ikiwa ndani?"

"Hatukufikiria betri."

Akatikisa kichwa. "Pengine kupinda mara ya kwanza ilivumilia. Kurudishwa ndiko kulikoikata ndani, ikaanza kuvuja hiyo dawa inayonuka. Au pengine ingefika huku tu hata bila vaisi. Siwezi kukuapia."

Bado anaongea tukasikia fyuuuu.

Moshi mweupe ukatoka kwenye ndoo. Mwingi, unakimbia. Halafu moto, ulimi mkali unaoruka kama wa jiko la gesi lililowashwa ghafla. Watu wa soko walitawanyika. Zuhura akamwaga mchanga mwingine juu kwa sufuria, akarudi nyuma, tukasimama mbali tunaangalia. Moshi ukaendelea kupenya kwenye mchanga, ukapungua, ukaisha.

Ndoo iliyeyuka upande mmoja.

Nilikaa kwenye benchi. Kuna bibi muuza nyanya alinipa maji bila kuniuliza kitu. Nilikuwa naiona ile ndoo, lakini kichwani naona mto.

Nyumbani nilimweleza mke wangu kila kitu, hata sehemu ya moto, sikumficha. Akaingia ndani, akatoka na mto wangu, akauvua foronya na kuuanika juani. Halafu akamchukua Neema, akambeba mgongoni, mtoto mkubwa vile, akaenda naye kuchota maji.

Elia nilimpigia kesho yake. Akasema, "Shemeji, chuma nakijua. Kilichokuwa ndani sikukijua." Nikamwambia hata mimi.

Sasa niwaambie nilichojifunza, mnikosoe.

Simu nyembamba ya chuma sio mbovu. Ile yangu ilipokea teke, ikapiga simu iliyookoa ndama, hilo siwezi kulikana. Lakini mimi nilikuwa napima uimara kwa kuangalia kama inawaka. Kuwaka sio ushahidi. Chuma kikipinda kinabaki kimepinda, na kilichopo nyuma yake kimepinda nacho, huko usikokuona.

Zuhura aliniruhusu nicheze na mabodi, yaani maganda, ya simu zilizokufa aliyonayo kwenye boksi, yasiyo na betri. Nimeyapinda karibu yote. Mengi yanapinda sehemu ileile: kwenye vitufe, au kwenye tundu la laini. Machache yamenishangaza yakapinda kwingine, sijui kwa nini.

Kwa hiyo mfuko wa nyuma, mfuko wa jinzi ya kubana ukiwa juu ya pikipiki kwenye barabara ya vumbi, mfuko wa paja ukiwa umechuchumaa shambani, hayo yote ni matoleo madogo ya lile teke. Ya kwako inaweza kupinda polepole na usijue.

Ikipinda, msiinyooshe nyumbani. Mpelekeeni fundi aitoe betri kwanza. Na nyumba ikianza kunuka rangi ya kucha bila mwenye kucha, msigombane, nuseni simu.

Sasa hivi natumia simu nene ya plastiki, inakaa kwenye mfuko wa kifua, na usiku inalala sebuleni juu ya sakafu ya saruji. Mwanzoni usingizi ulikuwa hauji bila kuigusa. Sasa nimezoea.

Nina ombi moja kabla hamjaanza kucomment. Ukimaliza kusoma, toa kava, laza simu yako mezani, kioo kikiwa chini, kwenye meza iliyonyooka. Inama uangalie kama mwanga unapita chini yake. Kisha bonyeza kona moja, uone kama inacheza.

Halafu njoo hapa uniambie imekuwaje, na huwa unaiweka mfuko gani. Mafundi na mainjinia mliomo, hilo la mabodi yanayopinda kwingine nalitaka sana. Nipo, nawasoma.